Mawe ya bustani kuyang'arisha: pipa, mtetemo au msasa wa mkono?

ngosha_wa_Igoma: Wakuu habari za jioni. Nimebakiwa na ndoo nne za mawe, yale tuliyomwaga getini tukitengeneza kanjia. Nataka kuyang'arisha. Naona kuna mashine ya pipa linalozunguka, kuna ya mtetemo, na wengine wanasugua na msasa tu. Ipi inamfaa mtu wa kawaida? Halafu yakishang'aa unayafanyia nini, maana wife kashaniuliza nikakosa jibu.

pipa_la_Nyakato: Mimi pipa nimejitengenezea mwenyewe, bomba la plastiki inchi 6 na mota niliyoitoa kwenye mashine mbovu ya kufulia. Unajaza mawe theluthi mbili ya pipa au zaidi kidogo, maji yaishie chini kidogo ya mawe ya juu, unaweka unga wa kusagia wa silikoni kabaidi namba 80 (namba ikipanda punje zinakuwa ndogo zaidi) linazunguka usiku na mchana wiki nzima, kisha 220 wiki, 500 wiki, mwisho poda ya kung'arishia. Yani mwezi huo. Na kuosha kati ya hatua usilipue, punje chache za 80 zikibaki zinachora mawe yote, yalinikuta nikarudia wiki mbili nzima. Umeme ukikatika nao tope linakaa chini, ukirudi mota inaguna tu. Hilo tope usimwage kwenye sinki, linaganda kama saruji. Mi nachimba shimo.

dada_Kirumba: Ya mtetemo ni haraka, wiki moja na ushee umemaliza, ila haibadilishi umbo, jiwe la pembe linabaki na pembe zake. Kokoto za kupondwa peleka kwenye pipa. Ya ufukweni sawa, ziwa limeshakufanyia wiki ya kwanza bure 😂

fundi_terazo: Mnabishana mashine hamjauliza ni jiwe gani!! Matale (graniti) yetu haya ya Mwanza yana vile vipande vyeusi vinavyometameta, ni laini kuliko vingine, ndani ya pipa vinachimbika jiwe linatoka na vishimo kama limeugua ndui. Tafuta yale meupe kama maziwa, kwatzi. Jiwe likichora chupa ni gumu, poa, likichorwa na msumari achana nalo, na magumu na laini usiyatie pipa moja. Msasa wa maji ni kwa jiwe moja la pete, ndoo nne utazeeka nazo. Usisugue makavu lakini, vumbi lake linaua mapafu.

dada_Kirumba: Na kabla hujaunguza umeme lichovye jiwe kwenye maji, linavyoonekana likilowa ndo karibu litakavyong'aa. Likilowa na bado halivutii, litoe.

mzee_wa_bao: Matumizi? Kete! Bao letu mashimo 32, kete 64, sasa kijiweni komwe zinapotea kila siku watoto wanabeba. Nichagulie 64 za saizi ya komwe, zisiteleze sana mkononi, nakuja kuchukua.

dada_Kirumba: 😂😂 mzee kashaagiza. Bakiza moja la kukwaruza la kusugulia miguu, hilo usiling'arishe.

ngosha_wa_Igoma: Mrejesho. Nimechovya na kujaribu na chupa tangu asubuhi, ndoo nne zimetoa meupe nusu ndoo. Mzee nimehesabu, 51, nakuongezea ya ufukweni. Mengine yote wife kashayapanga kwenye vyungu vya maua, hivyohivyo na vumbi lake.