Mrejesho: michoro ya sayansi darasa la nne, Pemba

Assalaam alaykum. Ni mie niliyeuliza mwezi uliopita vipi niwasomeshe watoto sehemu za ua, maana mchoro wa kitabuni walikuwa wanaukariri tu. Ahsanteni nyote.

Nilimfuata yule aliyesema nianze na kitu chenyewe, picha baadaye. Msimu ndio huu, basi nikenda na karafuu mbichi, nikazipasua kwa wembe, kila mtoto akachora alichokiona kabla ya kufungua kitabu. Mmoja akaruka, "Mwalimu, kumbe hili ua halijachanua!" Kazaliwa mikarafuuni, hakuwahi kulitazama. Stameni, yaani sehemu za kiume za ua, zilizojikunja ndani ya tumba walizichora wenyewe, hata jina lake hawajalijua.

Mzunguko wa maji ndio umenishinda. Mishale ya mchoroni, ile ya kuonesha maji yanavyopanda na kushuka, wanaidhani kitu cha kweli. Mmoja kaniuliza mbona akenda pwani haioni. Tuliandika maana ya kila alama pembeni, ikasaidia baadhi yao, si wote. Aliyeshauri sufuria ya maji ya moto na mfuniko, wapate kuona mvuke ukigeuka matone, nitaijaribu wiki ijayo, nikipata jiko la kuazima hapo jirani na skuli.