Bustani ya mvua, shimo la kokoto au mtaro wa zege? Ukumbi wa jamii

Mhazini_wa_Kamati: Wakuu, kikao wiki ijayo na hili nimebebeshwa mimi. Maji ya paa la ukumbi yanamwagika uani, mvua ikikolea mlangoni hapapitiki. Kuna wanaotaka mtaro wa zege, wengine shimo la kokoto, mi nimesikia hii bustani ya mvua. Tuchukue ipi?

Nyundo: Paa ukubwa gani? Udongo gani? Uwanja unainamia wapi? Tukupigie ramli?

MamaMiche: Bustani ya mvua. Kibonde cha kina cha sentimita 15 hivi cha kupokea maji ya paa, mita 3 au zaidi toka kwenye msingi, unapanda vitu vinavyovumilia maji na ukame kama nyasi za vetiva. Siku moja au mbili maji yameshazama.

MzeeZege: Kufuga mbu huko. Piga mtaro.

MamaMiche: Mbu toka yai mpaka aruke ni kama wiki, maji ya siku mbili anakulia saa ngapi? Na mtaro wako unamwaga wapi, kwa jirani?

MzeeZege: Jirani naye achimbe wake 😂

Tulijuta: Jamani pimeni udongo kwanza. Sisi tulichimba kwa mbwembwe kumbe mfinyanzi mtupu, tena palepale malori ya ujenzi yalipokuwa yanapita yakapashindilia kama lami, mvua ya kwanza tu kidimbwi kikakaa siku tano miche ikaoza, na njia ya maji ya ziada hatukuacha basi yakarudi ukumbini siku ya harusi ya watu, bibi harusi kashika viatu mkononi. Tukafukua upya, tukaweka mchanga na mboji, tukaacha tokeo la maji ya ziada, ndo pakatulia. Chimba shimo la kina cha sentimita 30, jaza maji, yakiisha jaza tena uone yanashukaje. Yakishuka sentimita 2 au zaidi kwa saa, endelea.

Mhazini_wa_Kamati: Paa kama mita za mraba 200. Udongo mwekundu hivi.

Nyundo: Mvua ya milimita 20 hapo ni lita 4,000, na nyie mnazimwaga. Tangi je?

Mhazini_wa_Kamati: Lilipasuka. Halafu nilisahau, shimo la choo liko huko huko uani.

Nyundo: Sasa ndo unasema?? Umbali gani?

MzeeZege: Tangi lilikuwa la plastiki eti? Ningekuwepo mngejenga la matofali.

MamaMiche: La matofali nalo lina nyufa zake, usinianzishe.