Nimelipia vitabu na pesa yangu, mbona havifunguki nikiwa njiani??

Wadau hii programu ya vitabu imenifikisha mwisho. Mimi husafiri Kisumu kwenda Nakuru kila mara juu ya masomo, na hayo masaa ndani ya matatu ndio wakati pekee napata kusoma bila mtu kuniita. Kabla nitoke nyumbani nadanlodi kila kitu na waifai, naona tiki kwa kila kitabu, naondoka nikijua niko sawa. Tukifika Londiani hivi netiwaki imepotea, nafungua kitabu, ati niingie upya kwa akaunti, wanatuma namba ya kuingilia kwa SMS, sasa hiyo SMS itaingia na nini jameni na simu haina netiwaki? Na kitabu kiko humo humo ndani ya simu! Nililipa na M-Pesa, meseji ninayo.

Mpangilio nao usiseme. Nilikaa nikatengeneza folda zangu vizuri, za masomo kando, riwaya kando, za watoto kando, wakaleta apdeti yao zote zikamwagwa pamoja. Juzuu zinapangwa 1, 10, 11 ndio 2 ije. PDF zangu zote zinaandikwa "mwandishi hajulikani" na jina liko hapo kwa jalada, kubwa, hata mtoto analiona. Kuwaandikia wakaniambia nitoe programu niiweke tena, danlodi zote zikapotea, bando ikaishia kuzirudisha.

Na mjue hawa hawakuuzii kitabu, wanakuuzia ruhusa ya kukisoma. Microsoft walipofunga duka lao la vitabu 2019 watu walirudishiwa pesa, lakini vitabu vilienda. Sasa hawa wetu ambao hata kujibu imeil ni shida, wakifunga?

Vile vingine vyangu viko kwa Calibre, programu ya kupanga vitabu kwa laptopu, ni ya bure, narekebisha jina la mwandishi mara moja inapanga folda yenyewe, nakopi EPUB (faili za vitabu vya simu) kwa memori kadi na vinafunguka data ikiwa imezimwa. Vya hawa vimefungwa, havitoki kwa programu yao.

Nikishadanlodi kitabu kifunguke, na folda zangu waziache vile nilizipanga. Wakishindwa warudishe pesa. Kuna mtu anajua duka linauza EPUB isiyofungwa na linachukua M-Pesa? Weka jina hapa, nataka kuhama wiki hii.