Bustani za michezo ya maji Dar es Salaam zitangaze gharama zote, siyo kiingilio peke yake

Ndugu zangu, salaam. Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha, kwa kuwa jambo hili linawaumiza wazazi wengi wa jiji letu wanaojinyima kwa muda mrefu ili watoto wao nao wapate siku moja ya kuteleza kwenye maji na kupanda mabembea. Bustani za michezo zilizoko Dar es Salaam na viunga vyake zina mtindo wa kutangaza kiingilio kwa maandishi makubwa, halafu gharama nyingine zote mzazi anazikuta getini, watoto wakiwa wameshaona maji na gari la kukodi limeshalipwa, yaani mahali ambapo hawezi tena kurudi nyuma.

Mtaani kwetu Mbagala tulijipanga kaya kadhaa kwa ajili ya Sikukuu ya Idi. Kila kaya ilimkabidhi mweka hazina kiasi kidogo kila wiki, kama tunavyofanya kwenye upatu, na bajeti tuliipanga kwa kufuata tangazo lililokuwa likisambazwa kwenye simu, ambalo lilitaja kiingilio cha mkubwa na cha mtoto, basi. Tulipiga simu kuuliza, tukajibiwa kwamba bei ni hizo hizo. Tukakodi kosta, tukanunua maji ya kunywa kwa katoni, na akina mama wakaamka alfajiri kupika pilau na kukaanga kuku. Watu wa kipato chetu hawana namna nyingine ya kutoka na familia: chakula kinatoka nyumbani, na fedha taslimu inaishia kwenye usafiri na kiingilio.

Tulipofika tuliambiwa kwamba siku ya sikukuu ina bei yake, ambayo haikuwa kwenye tangazo wala haikutajwa kwenye simu. Tukachangishana tena pale pale getini. Kisha walinzi wakaanza kufungua hotpoti moja baada ya nyingine na kutangaza kwamba chakula cha nje hakiingii, hata maji ya kunywa hayaingii. Mama mwenye mtoto mchanga alilazimika kubishana nao kwa muda mrefu ili chupa moja ya uji iruhusiwe. Pilau ikabaki ndani ya gari juani, na tulipouliza kama tunaweza kutoka kwenda kula na kurudi, tukajibiwa kwamba anayetoka anakatwa bangili ya mkononi na akitaka kuingia tena analipa upya. Ndani, chupa ya maji iliuzwa kwa bei ambayo dukani kwetu inanunua chupa kadhaa, na sahani ya chipsi kuku ilikaribia kiingilio cha mtoto. Wazazi wengine walishinda na njaa ili watoto wagawane sahani moja.

Nimewasikia wanaoutetea utaratibu huu kwamba unalinda usafi, kwamba chupa za vioo ni hatari pembeni ya bwawa, na kwamba wageni wakiumwa tumbo kwa chakula chao lawama itaiangukia bustani. Suala la vioo nakubaliana nalo kabisa, na mlinzi akague na kuzuia. Lakini chupa ya plastiki yenye maji inamdhuru nani? Joto la Dar es Salaam tunalijua sote, na mtoto anayekimbia juani kutwa nzima anahitaji kunywa maji mara kwa mara, awe na fedha au asiwe nazo. Vilevile wapo wenye kisukari ambao hawawezi kukaa bila kula wala kula chochote kinachouzwa. Kama usafi ndio sababu ya kweli, basi litengwe eneo lenye kivuli, meza na mapipa ya taka, hata kwa ada ndogo, ilimradi ada hiyo itangazwe mapema.

Lililoniudhi kuliko hata chakula ni kipimo cha watoto. Getini mtoto akishapita umri fulani anatozwa kama mkubwa, lakini akifika kwenye mabomba makubwa ya kuteleza anapimwa kwa urefu na kuzuiwa. Masharti ya urefu ni ya usalama na yaheshimiwe bila mjadala. Ninachokataa ni mtoto yule yule kuwa mkubwa wakati wa kulipa na kuwa mdogo wakati wa kucheza. Sitaeleza kwa kirefu gharama ya kukodi maboya na makabati ya kuwekea vitu, wala ya kukodi nguo za kuogelea, ambayo ilitupata kwa sababu fulana za pamba zilikatazwa, hata kwa dada aliyetaka tu kujistiri. Fedha hizo zote zilipokelewa mkononi bila risiti, wakati Mamlaka ya Mapato (TRA) inatuhimiza kila siku kwamba ukinunua udai risiti.

Kutangaza bei zote si jambo gumu. Nauli za daladala zinapangwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, na kutangazwa hadharani, na abiria anaikuta nauli yake imeandikwa ubavuni mwa gari. TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, nayo inachapisha orodha ya tozo za hifadhi, ikitofautisha raia na mgeni, mkubwa na mtoto, hadi tozo ya gari, kiasi kwamba mtu anayepanga kwenda hifadhi ya Mikumi anajua akiwa nyumbani atalipa nini. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani (FCC) ndiyo yenye jukumu la kuisimamia. Kima cha chini cha mshahara serikalini ni Sh500,000 tangu Julai 2025, na katika sekta binafsi wako wengi wanaopokea pungufu ya hapo, kwa hiyo nyongeza ya shilingi elfu chache kwa kila kichwa inatosha kuwaacha watoto wengine nje ya geti.

Naitaka FCC izikague bustani hizi kabla ya sikukuu za mwisho wa mwaka na kuzilazimisha kutaja kwenye matangazo yao bei za siku za kawaida na za sikukuu, kipimo cha mtoto, kila kitu kinachokodishwa na masharti ya chakula, na kuruhusu maji ya kunywa. Wakati tunasubiri, mwenye kumbukumbu ya gharama halisi alizolipa katika bustani yoyote aziweke hapa pamoja na tarehe, ili anayepanga safari ya Desemba ajue kiasi cha kuchanga.

Naomba kuwasilisha.