Ndama wa kunenepesha wanakohoa baada ya safari: niwachome sindano wote?

mama_mugunga
Wafugaji wenzangu, naomba msaada wa haraka. Siku sita zilizopita nilishusha hapa Mugunga, karibu na Goma, ndama kumi na mmoja kutoka vilima vya Masisi. Walisafiri usiku kucha wamebanana, mvua ikiwanyeshea. Jana mmoja hakusogelea pumba, leo ni watatu. Huyu mwekundu ndiye ananiumiza moyo: masikio yamelala, shingo kainyoosha, kamasi nzito ya njano, na mbavu zinapanda na kushuka kama za mtu aliyetoka mbioni. Muuza dawa kanipa oksitetra ya asilimia 20, dawa ya sindano ya kuua vijidudu, bila kuniuliza joto wala uzito. Akiba yangu yote iko kwa hawa ndama. Nichome wote?

mganga_wa_mifugo
Mama, vizuri hujachoma. Pima joto njia ya haja kubwa, asubuhi kabla jua halijawaka. Ndama mzima ana 38.5 hadi 39.5, kuanzia 40 huyo ni mgonjwa. Halafu pitisha vidole chini ya sikio. Ukikuta tezi imevimba, shuku ndigana kali, ile ya kupe. Nayo inakohoza na kukatisha pumzi, lakini oksitetra haitaiponya. Inataka buparvakwoni, dawa yake yenyewe, tena mapema.

mama_mugunga
Mwekundu ana 41.1, wenzake 40.4 na 40.6. Nimewashika wote kumi na mmoja, tezi hakuna.

mganga_wa_mifugo
Basi ni mapafu: uchovu na baridi ya safari vimewafungulia vijidudu mlango. Choma hao watatu leo, mililita 1 kwa kilo 10, ndani ya msuli wa shingo. Wa kilo 120 anapata 12, lakini gawanya pande mbili. Pahali pamoja isizidi 10. Watenge. Wengine wapime kila asubuhi. Joto lisiposhuka kwa siku mbili, mwite mganga amwone mwekundu kwa macho. Na asiende kwa mchinjaji kabla siku zilizoandikwa kwenye chupa hazijaisha.

baba_wa_sake
Dada, angalia na zizi. Mwaka jana niliogopa baridi nikalifunga turubai hadi chini. Harufu ya mkojo ikawa inachoma macho, nikazika wanne. Acha hewa ipite juu ya migongo yao, chini weka majani makavu.

mama_mugunga
Aksanti baba. Turubai langu pia lilifika chini. Nimelipandisha sasa hivi, na mwekundu nimemchoma, kanywa maji nusu ndoo.