Tupeane uzoefu: Kitu gani kidogo ulibadilisha kwenye huduma yako, wateja wakaacha kukimbia?

Dobi wa Mtaa (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila Oktoba ikifika Wiki ya Huduma kwa Wateja mabenki yanakata keki, wafanyakazi wanavaa fulana za rangi moja, na mkurugenzi anakaa dirishani nusu saa ili apigwe picha. Jumatatu inayofuata foleni ni ile ile. Uzi huu ni wetu sisi wa biashara ndogo: saluni, gereji, dobi, gesti, mgahawa, wakala. Semina tumeshazisikia. Sema ulichobadilisha na kilichotokea baadaye, basi.

Naanza mimi. Nina dobi la mashine hapa Dar. Vijana wangu waliapa kwamba wateja wanakimbia kwa sababu ya madoa, tununue sabuni ya bei. Kabla ya kutoa hela nikaweka daftari lenye safu mbili: siku tuliyoahidi, na siku nguo ilipokuwa tayari kweli. Pembeni, mteja akilalamika, unaandika neno lake kama alivyolisema. Madoa yalijitokeza mara chache. Kilichojaa ukurasa ni "nimekuja jana nikaambiwa nije leo".

Chanzo kilikuwa kaunta. Binti anayepokea nguo alikuwa anamwambia kila mtu "kesho jioni", maana hilo ndilo jibu linalomfanya mteja atabasamu. Nyuma ya pazia kuna wapiga pasi wawili, masika nguo hazikauki, umeme nao una mambo yake. Hakuna aliyemuuliza mpiga pasi.

Siku hizi tarehe inatoka kwa mpiga pasi. Kuna ubao wa chaki, na nguo anazoweza kumaliza kwa siku zimeandikwa. Ukijaa, kaunta inasema keshokutwa, hata mteja akinuna. Wapo waliobeba mifuko yao wakaondoka, siwezi kudanganya.

Ila kilichosaidia zaidi ni swali tulilomfundisha binti aulize kabla ya kutaja siku yoyote: "Unaivaa lini?" Mwenye kanzu anaitaka Alhamisi jioni kwa ajili ya Ijumaa. Mwenye suti ana harusi Jumamosi. Mwenye blanketi hana haraka hata ya wiki nzima, na sisi tulikuwa tunamkimbizia blanketi lake huku suti ya bwana harusi imelala kwenye beseni. Kazi ni ile ile na pasi ni zile zile, ila ugomvi kaunta umepungua sana.

Karibuni.

Tiketi 87

Nafuatilia. Nausoma uzi huu nikiwa benki, nina namba 87, wanamhudumia 41. Madirisha sita, wahudumu wawili.

Mama Rasta, Mwanza

Dobi, hapo kwenye daftari umenena. Ila huku saluni mteja halalamiki, na hilo ndilo linatumaliza. Anasukwa kwa muda wa saa tano, anajitazama kwenye kioo, anasema "asante dada, nzuri", analipa, halafu humwoni tena. Ukimkuta sokoni kichwa kimesukwa na mwingine.

Mimi nilijifunza kusoma dalili. Akijishika pembeni ya paji la uso, nywele zimevutwa sana, usiku hatalala. Akifunga kitambaa kabla hajafika mlangoni, hajapenda. Na swali la "umependa?" nimelipiga marufuku kabisa, maana kwa malezi yetu jibu lake ni ndiyo tu. Wasichana wangu wanauliza mapema, mistari mitatu ya kwanza ikishasukwa: "Nilegeze wapi?" Hapo mtu anasema ukweli kwa sababu hujamuuliza kama wewe ni mbaya, umemuuliza kichwa chake kinaumia wapi. Kulegeza mistari mitatu ni dakika chache. Kufumua kichwa kizima saa kumi na moja jioni nani atakubali?

Halafu malipo. Nilikuwa nawalipa kwa kichwa, kama saluni nyingi. Msichana akimaliza vichwa vitatu anapata zaidi ya mwenye viwili, basi wote wakawa wanasuka kwa kasi ya kukimbiza basi. Sasa kamisheni ina sehemu mbili: moja ya kichwa, nyingine inaingia mteja akirudi na kumtaja kwa jina. Mmoja aliacha kazi kwa hasira. Waliobaki sasa wanagombania wateja wapole wasiosema kitu, zamani walikuwa wanawarushiana.

Wakala Kona

Yangu fupi. Kibandani nimetundika kibao cha pande mbili. Upande mmoja PESA TASLIMU IPO, upande wa pili PESA TASLIMU IMEISHA. Mtu anakiona akiwa ng'ambo ya barabara. Zamani alikuwa anavuka, anapanga foleni, anataja namba yake mbele za watu, ndipo aambiwe haiwezekani. Hakuna kingine nilichofanya.

Fundi Magari, Morogoro

Gereji ni biashara ya kutiliana shaka. Mteja haoni ninachofanya chini ya gari, anachokiona ni bili. Ndiyo maana kila mtu mjini anaamini kuna fundi amewahi kumwibia spea, na wengine wanasema kweli.

Gari likiingia kwangu tunalizunguka pamoja na mwenyewe: mikwaruzo, kilomita, geji ya mafuta, jeki, tairi ya akiba, redio. Anasaini, nasaini, anapiga picha kwa simu yake. Kila nilichofungua kikawa kibovu kinaingia kwenye boksi la spea mpya na kinarudi kwake: breki pedi zilizoisha, plagi nyeusi, chujio la oili limefungwa kwenye mfuko. Wengi wanavitupa hapo hapo getini. Haidhuru, wameviona. Na jambo moja ambalo mteja halioni: anayekagua nati za tairi kabla gari halijatoka si yule aliyezifunga. Macho ya aliyefunga yanaona alichokusudia.

Kilichonisumbua miaka yote ni simu. Umefungua breki ya mbele, unakuta diski imechimbika. Gari liko juu, mwenyewe yuko kikaoni, hapokei. Vijana wanataka kuendelea. Ukiendelea, jioni anakuambia hakukutuma. Ukisubiri, gari linalala na kesho ana safari. Mama mmoja alinisema vibaya sana, gari limelala kwa kitu cha elfu thelathini wakati yeye ana mgonjwa wa kumpeleka hospitali. Alikuwa na haki.

Basi nikaongeza mstari mmoja kwenye fomu: "Fundi anaweza kuongeza hadi shilingi ngapi bila kunipigia?" Anajaza mwenyewe kwa mkono wake. Mwingine anaandika sifuri, mwingine laki moja. Mwenye sifuri gari lake likilala hana neno, mwenye laki akiona bili hana neno. Ule mstari umeniokolea ugomvi mwingi kuliko boksi la spea.

Sikio la Kampuni

Niliwahi kufanya kazi kituo cha simu cha kampuni moja, jina niachieni. Ukutani kuna skrini inayoonyesha wastani wa dakika kwa kila simu. Ukizidisha, msimamizi anakuja kusimama nyuma ya kiti chako, hasemi kitu.

Mnadhani tulifanyaje? Mteja mwenye tatizo refu tulimwambia "zima simu, iwashe, subiri saa moja, ikishindikana piga tena". Atapiga tena, ila atampata mwenzangu. Ripoti ya mwezi ilipendeza: simu fupi, waliohudumiwa wengi. Wengi kwa sababu mtu mmoja alihesabiwa mara nne.

Akaja meneja mpya, akauliza swali moja tu: namba ngapi zimepiga tena ndani ya siku saba kwa jambo lile lile? Kuna watu waliokuwa wanachukua bonasi kila mwezi wakajikuta mkiani. Na kulikuwa na dada mmoja, mpole, simu zake ndefu, kila siku anakaripiwa. Yeye akawa wa kwanza, kwa sababu mteja wake hakuwa na sababu ya kurudi.

Baada ya hapo tukaruhusiwa kurejesha viwango vidogo vya fedha wenyewe bila kupeleka kwa wakubwa. Huwezi kumdai mhudumu amalize tatizo wakati ufunguo uko mfukoni mwa mtu wa ghorofa ya tano.

Mkaguzi Mstaafu

Nimesoma kimya, niongeze kidogo. Nimekagua mifumo ya ubora hotelini na kwenye usafirishaji. Watu wanatundika mapokezi cheti cha ISO 9001, kile kiwango cha kimataifa cha mifumo ya ubora, wakidhani kinasema "huduma yetu ni nzuri". Ukaguzi ule unaangalia kama unafanya ulichosema unafanya, na kama ukikosea unatafuta chanzo au unafokea watu tu. Kwa kipimo hicho, daftari la Dobi na fomu ya Fundi ni mfumo wa ubora tayari, umekosa mhuri tu.

Miaka ya themanini watafiti watatu waliokuwa Marekani, Parasuraman, Zeithaml na Berry, walichunguza mteja wa huduma anahukumu kwa vigezo gani. Mwaka 1988 wakatoa dodoso lenye maelezo 22, linaloitwa SERVQUAL, lenye mafungu matano: kutegemewa, wepesi wa kumwitikia mtu, ujuzi na adabu inayomtuliza, kumjali yeye binafsi, na vinavyoonekana kwa macho kama jengo, vifaa na sare. Walikuta kutegemewa, yaani kutimiza ulichoahidi, ndiko kunakotangulia kwa wateja. Vinavyoonekana vilikuja mwisho. Na sisi mtu akifungua biashara anaanza na rangi ya ukuta na sofa.

Binti wa kaunta yumo humo pia. Miongoni mwa nyufa walizozieleza mwaka 1985, mmoja ni ule kati ya kinachoahidiwa nje na kinachofanyika ndani.

Mama Rasta, Mwanza

Mzee wangu shikamoo. Kwenye sofa nakupinga kidogo. Bibi harusi haketi kwenye kigoda.

Mkaguzi Mstaafu

Marahaba mwanangu. Hapo una haki. Ambaye hajawahi kusukwa kwako ana sofa tu la kukuhukumia. Ile orodha inamfaa zaidi aliyekwisha kuhudumiwa.

Mahamri Moto, Mombasa

Salaam wadau. Mie niko Kisauni, nauza mahamri na mbaazi asubuhi. Yangu ni foleni. Watu wana kazi, wana watoto wa kupeleka shule, wamesimama. Aje mtu asimame muda wote ule, afike mbele aambiwe yamekwisha! Huyo hajanuna na mie tu, kesho atapitia njia nyengine.

Sasa karai la mwisho likiingia motoni kijana wangu huhesabu vichwa. Hutembea na foleni hadi kwa mtu fulani, akasema kwa sauti: "Mahamri yafika hapa, kwa huyu mwenye kofia. Nyuma yake ni chapati, au mungoje karai jengine nusu saa." Wapo waendao zao, lakini huenda wakicheka, na mwenye kofia huwa shujaa wa asubuhi ile. Wengine hungoja kweli hiyo nusu saa, na ndio walewale waliokuwa wakifoka nikiwaambia "ngojeni kidogo".

Mkaguzi Mstaafu

Kuna mtaalamu wa biashara, David Maister, aliandika mwaka 1985 kwamba kungoja usikojua mwisho wake huonekana kurefu kuliko kungoja ulikopewa muda. Huyo kijana wa Kisauni aongezewe mshahara.

Tiketi 87

Hapa benki wangemtuma huyo kijana aje aseme yafika wapi. Sasa hivi 52.

Gesti ya Stendi

Naona mnaelekea kwenye "mteja ni mfalme". Mimi naipinga. Nina gesti, na mfalme wa chumba namba nne ana majirani.

Kuna mgeni alifungulia muziki saa nane usiku. Chumba cha pili kuna mama na kichanga. Mhudumu akagonga mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu akanipigia mimi. Nikaenda, nikamrudishia nusu ya pesa yake, nikamtafutia bajaji. Asubuhi nakuta mtandaoni nyota moja: "Wahudumu hawana adabu."

Mwanangu akasema tuombe watu wetu watuandikie nyota tano tano tuifukie. Nikakataa. Nikajibu chini yake kwa upole: tulikuomba upunguze sauti saa nane usiku, chumba cha jirani kulikuwa na mtoto mchanga, nusu ya malipo tulikurudishia, pole kwa usumbufu. Sikuongeza kitu. Tangu hapo nimepata familia zinazosema mapokezi kwamba zimekuja kwa sababu ya jibu lile. Aliyeniandikia nyota moja sikuwa na haja ya kumrudisha. Wanaosoma ndio niliokuwa nazungumza nao.

Ila mteja anayelalamika shuka lina doa, huyo nampa chumba kingine kabla hajamaliza sentensi. Mhudumu haniombi ruhusa.

Fundi Magari, Morogoro

Gesti umenifurahisha. Kuna wateja nimewapa namba ya fundi mwingine kwa moyo mweupe kabisa.

Dobi wa Mtaa

Wakuu nashukuru, huu uzi umenizidi. Mstari wa fomu ya Fundi nauiba: kwangu utakuwa "kifungo kikikatika au zipu ikiharibika, nishone hadi shilingi ngapi?"

Nina swali sasa. Ule ubao wa chaki unanishinda kwa watu wakubwa. Anakuja mheshimiwa saa sita, ubao umejaa, anataka suti leo jioni. Binti anaogopa kumwambia keshokutwa, anaiingiza kinyemela, nguo ya mtu mwingine inasukumwa. Mnafanyaje?

Mama Rasta, Mwanza

Viti vyangu vitatu. Mheshimiwa akija wa nne, anakunywa soda anasubiri. Lakini najua dobi ni tofauti, nguo haina mdomo wa kusema "mimi nilitangulia".

Gesti ya Stendi

Acha nafasi mbili kwenye ubao kila siku, usiziandikie mtu. Ziite za dharura, ziwe na bei yake, ibandike ukutani kila mtu aisome. Mheshimiwa akija anazinunua kama mtu yeyote, na binti hana cha kuogopa, anaonyesha ukuta tu. Zisipouzwa, mpiga pasi anaondoka mapema.

Dobi wa Mtaa

Hii naanza Jumatatu. Bei iwe mara mbili au nusu juu?

Gesti ya Stendi

Anza nusu juu. Ukiona zinaisha kabla ya saa nne asubuhi, panda.