Picha ya seli za konea: je, idadi pekee inatosha?

Mwanagenzi, Kisumu

Hamjambo, wakuu. Ninajifunza tiba ya macho hapa Kisumu, na wiki hii nimeanza kusoma picha za hadubini ile inayotumia mwanga unaoakisiwa na tabaka la ndani kabisa la konea, yaani utando angavu ulio mbele ya jicho. Mama mmoja anayesubiri kuondolewa mtoto wa jicho ana seli 1,900 kwa kila milimita ya mraba. Mtu mzima kwa kawaida huwa na kati ya 2,000 na 3,000, hivyo upungufu wake hauonekani kuwa mkubwa, lakini picha ina madoa meusi na seli zinatofautiana sana kwa ukubwa. Je, niandike kwamba konea yake iko salama?

Muuguzi wa macho, Nakuru

Ndugu mwanagenzi, usiandike hivyo bado. Seli hizo ndizo zinazosukuma maji yatoke ndani ya konea ili ibaki angavu, na kwa binadamu zikifa hazioti nyingine za kutosha. Zilizo jirani hutanuka tu ili kuziba pengo. Ndiyo sababu umbo huharibika hata pale ambapo idadi ingali ya kuridhisha. Angalia ni ngapi zimebaki na pembe sita, kwa maana katika konea yenye afya huwa zaidi ya nusu. Madoa hayo huenda ni vijinundu vya ugonjwa ambao daktari wa macho Ernst Fuchs wa Vienna aliueleza mwaka 1910, na mashine ikihesabu seli za sehemu nzuri pekee itakupa idadi isiyo ya kweli. Piga picha upya, katikati na pembeni. Kabla ya hapo, muulize mama kama huamka na ukungu machoni unaopungua kadiri jua linavyopanda, kwa sababu usiku kope zikiwa zimefumbwa maji hayapati kukauka, nayo konea huvimba.

Tabibu, Kakamega

Naongeza kwamba konea ikishavimba sana au ikiwa na kidonda, hadubini hiyo haioni kitu. Hapo hufaa hadubini ya konfoka, ambayo hupiga picha tabaka moja baada ya jingine. Huku kwetu, ambako majani ya miwa na mahindi huwachoma wakulima machoni, ingeweza kutuonyesha nyuzi za kuvu ndani ya konea papo hapo, ilhali kuotesha kuvu maabara huchukua siku kadhaa. Asiye nayo akwangue kidonda, atie potasiamu haidroksaidi, kemikali inayosaidia kuvu ionekane, kisha atazame kwa hadubini ya kawaida. Mama yako hana kidonda, basi mpime unene wa konea, kwani ikivimba huwa nene. Wastani ni takriban milimita 0.54.

Mwanagenzi, Kisumu

Nawashukuru sana. Nimemuuliza leo: ukungu humkaa hadi saa nne asubuhi, naye alidhani wote ni mtoto wa jicho. Nimeomba picha zirudiwe na unene upimwe kabla daktari hajapanga siku ya upasuaji.